Ahadi ya Ukombozi Haiuzwi kwa Tarehe Wala kwa Chupa ya Mafuta

Juni 1873, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Mkunazini. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, Misheni ya Vyuo Vikuu ya Kianglikana iliweka jiwe la msingi la kanisa palepale watu walipokuwa wakinadiwa. Mapokeo ya mji yanasema altare ya kanisa hilo imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Kabla ya muongo ule kwisha, watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa walikuwa wakisali humo.

Hata hivyo, sheria ya Zanzibar iliendelea kumtambua mtumwa kuwa mali ya bwana wake hadi Aprili 1897. Masuria hawakuguswa na amri ya mwaka huo. Wao walingoja hadi 1909. Kwa karibu miaka 20, kanisa la Mkunazini liliita watu waje kumshukuru Mungu kwa ukombozi, huku karafuu za Unguja na Pemba zikichumwa na watu waliomilikiwa na wenzao.

Waumini wale walijua vizuri walichokuwa wakikisema. Waliamini ukombozi umefika, na walijua jirani yao bado ni mtumwa. Imani yote ya Kikristo kuhusu ahadi ya kale ya Mungu imejengwa juu ya maneno hayo mawili yanayoshikwa kwa pamoja: imetimia, na bado inangojewa. Anayeshika neno moja na kulitupa jingine hupotea njia. Katika Afrika Mashariki, tangu mwaka 2000, upotevu huo umeua watu.

Biblia haifichi urefu wa kungoja. Abrahamu aliondoka Harani akiwa na miaka 75, na ahadi mkononi kwamba kupitia kwake jamaa zote za dunia zingebarikiwa. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Wazao wao waliishia utumwani Misri, na kitabu cha Kutoka kinahesabu miaka 430 kabla hawajatoka huko. Walipokwisha kupata nchi, mfalme na hekalu, wakaja Wababeli, wakaichoma Yerusalemu mnamo 586 KK na kuwachukua watu mateka.

Waliofarijiwa na manabii uhamishoni walipata jibu kupitia mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Mwaka 539 KK Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliiteka Babeli, kisha akawaruhusu Wayahudi warudi kwao. Kitabu cha Isaya kinamwita mfalme huyo mgeni, ambaye hata hakumjua Mungu wa Israeli, kuwa mpakwa mafuta wa Bwana. Waliorudi walianza kulijenga hekalu upya, na kitabu cha Ezra kinasimulia siku ya kuwekwa msingi wake. Wengi walipaza sauti za shangwe. Wazee waliowahi kuliona hekalu la kwanza wakaangua kilio. Kelele zilisikika mbali, wala watu hawakuweza kutofautisha shangwe na kilio. Neno la nabii lilikuwa limetimia, na Waajemi walikuwa bado ndio watawala.

Ndiyo maana watu waliendelea kulisoma neno hilo. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waliingia katika pango moja huko Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, wakakuta mitungi yenye magombo ya kale. Gombo moja la ngozi, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lilikuwa na kitabu cha Isaya, sura zote 66. Wataalamu wanakadiria kuwa liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa, na leo limehifadhiwa Yerusalemu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba Wakristo waliyatunga maneno ya Isaya baada ya matukio. Tumaini la mkombozi lilikuwa limeandikwa kwa wino, likisomwa na kunakiliwa, vizazi kadhaa kabla ya Ukristo.

Ugomvi uko kwenye maana. Wayahudi wengi humsoma mtumishi anayeteswa wa Isaya sura ya 53 kuwa ni taifa la Israeli lenyewe. Wakristo humwona Yesu. Waislamu nao humwita Isa Masihi, na wengi wao huamini atarudi, ila hawakubali kwamba alisulubiwa wala kwamba kifo chake kilileta ukombozi. Tofauti hizo ni za kweli, nazo zinastahili kusemwa waziwazi na kwa heshima.

Ili kuona Wakristo wanaamini nini hasa, inafaa kusogea hadi Nazareti, katika sura ya 4 ya Injili ya Luka. Ni siku ya Sabato. Yesu anasimama ndani ya sinagogi, anapewa chuo cha Isaya, anatafuta mahali panapozungumzia habari njema kwa maskini, kufunguliwa kwa wafungwa, vipofu kuona na mwaka wa Bwana uliokubaliwa. Anasoma, anakifunga chuo, anamrudishia mtumishi, anaketi. Macho yote yanamkazia. Ndipo anawaambia kwamba andiko hilo limetimia siku ile.

Msomaji anayeiweka Luka sura ya 4 kando ya Isaya sura ya 61 ataona kitu ambacho mahubiri mengi hukipita. Sentensi ya Isaya haiishii pale Yesu alipoishia. Inaendelea na kutaja siku ya kisasi cha Mungu. Yesu alifunga chuo kabla ya kisasi.

Wasikilizaji walifurahi, lakini furaha yao haikudumu. Yesu akawakumbusha kwamba wakati wa njaa kuu nabii Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, na kwamba mwenye ukoma aliyetakaswa siku za Elisha alikuwa Naamani, mtu wa Shamu. Wote wawili ni wageni, na Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la adui. Sinagogi zima likawaka hasira. Wakamtoa nje ya mji, wakampeleka hadi kwenye ukingo wa kilima wamtupe chini. Kusikia kwamba ahadi imetimia kuliwapendeza. Kusikia kwamba imewafikia na wasio wao ndiko kulikowashinda.

Sura tatu baadaye, Luka anasimulia jambo zito zaidi. Yohana Mbatizaji, aliyemtambulisha Yesu kwa watu, yuko gerezani mwa Herode. Anatuma wanafunzi wake wakaulize kama Yesu ndiye yule ajaye, au wamngoje mwingine. Ni swali la mtu aliyefungwa ambaye amesikia kwamba wafungwa watafunguliwa. Yesu anamjibu kwa kutaja matendo: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Kuhusu gereza hasemi kitu. Yohana hakutoka humo hai; alikatwa kichwa.

Kanisa linaloficha kisa hicho linawadanganya waumini wake. Injili ileile inayotangaza kwamba ahadi imetimia ndiyo inayosimulia kifo cha nabii mkuu aliyekufa mfungwa.

Pingamizi kali kuliko yote dhidi ya imani hii lilitolewa hadharani mwaka 1263 huko Barcelona, mbele ya Mfalme James wa Aragon. Rabi mkubwa wa zama zake, Moses ben Nahman, aliitwa kujadiliana na Myahudi aliyekuwa ameingia Ukristo na kuwa mtawa wa Kidominiko. Rabi alisema manabii waliahidi kwamba siku za Masihi vita vitakoma, ilhali tangu Yesu hadi siku ile dunia ilikuwa imejaa jeuri na uporaji. Hoja hiyo ina nguvu leo kama ilivyokuwa wakati huo. Mama wa Goma aliyekimbia mapigano mara kadhaa katika maisha yake anaweza kuitoa bila kumsoma rabi yeyote.

Mkristo anayejibu kwamba mambo ni shwari anamtukana mama huyo. Jibu lenye uzito lipo katika Agano Jipya lenyewe. Paulo, katika sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi, anasema viumbe vyote vinaugua pamoja kwa utungu kama wa uzazi, na kwamba hata waliokwisha kumpokea Roho bado wanaugua wakingojea ukombozi wa mwili. Kwa Paulo, kufufuka kwa Yesu ni mazao ya kwanza: mavuno yameanza, shamba bado halijavunwa. Liturujia inafundisha jambo hilohilo. Katika Misa, mara baada ya mageuzo, waumini hutangaza kifo cha Bwana na ufufuko wake, na papo hapo kumngojea hadi atakapokuja. Majilio nayo, majuma manne kabla ya Krismasi, huanza na masomo ya kurudi kwa Kristo kabla ya kufika kwenye hori la Bethlehemu.

Mafundisho hayo yapo, na ni ya kale. Yanapopuuzwa, nafasi yao huchukuliwa haraka na wauzaji wa aina mbili.

Wa kwanza huuza utimilifu wa leo hii. Kwao ahadi aliyopewa Abrahamu kwa ajili ya jamaa zote za dunia imegeuka kuwa gari, nyumba na visa ya muumini mmoja, naye huipata kwa kupanda mbegu, yaani kutoa fedha, au kwa kununua maji na mafuta ya upako. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Walikuwa watu wenye magonjwa, madeni na shida za kawaida, walioambiwa kwamba ahadi ya Mungu iko umbali wa hatua chache na kwamba anayechelewa ataikosa.

Wa pili huuza tarehe. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliwaambia wafuasi kwamba dunia ingeisha kufikia mwaka 2000. Watu waliuza mali zao na kuwakabidhi viongozi fedha. Mwaka mpya ulipoingia na jua likachomoza kama kawaida, baadhi walianza kudai chao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini, watoto wakiwemo, waliteketea ndani ya jengo la ibada, na siku zilizofuata makaburi mengine ya halaiki yakagunduliwa.

Miaka 23 baadaye ikawa zamu ya Shakahola, msituni katika Kaunti ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023 wachunguzi walifukua zaidi ya miili 400, na wapasuaji wa serikali walieleza kwamba wengi walikufa kwa njaa, na wengine walionyesha dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa. Waendesha mashtaka walisema waumini walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu; walioshtakiwa walikana mashtaka. Lolote mahakama itakaloamua juu ya mtu mmoja mmoja, Afrika Mashariki ina wajibu wa kuuliza kwa nini mamia ya watu waliozaliwa na kulelewa miongoni mwa makanisa walikuwa tayari kuamini kwamba mwisho una tarehe na mlango wake uko porini.

Sehemu ya jibu ni kwamba wengi hawajawahi kusimuliwa habari nzima. Wamesikia vipande vya aya vilivyokatwa na kubandikwa kwenye mabango ya mikutano. Anayemjua Abrahamu wa miaka 25 ya kungoja hashtushwi kirahisi na anayemwambia apokee sasa hivi. Anayejua kwamba Yesu mwenyewe, katika Injili ya Marko sura ya 13, alisema hata yeye Mwana haijui siku wala saa, ana silaha dhidi ya kila mwenye kalenda.

Watu waliowahi kuumizwa na kalenda wanaweza kujifunza. William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, alihesabu miaka kutoka kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakaishia kutaja tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya kurudi kwa Kristo. Wengine waliacha mazao shambani bila kuyavuna. Usiku ulipita. Wengi waliacha imani hiyo kwa uchungu. Wachache waliobaki walirudi kwenye Maandiko, na kutoka kwao likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Kanisa hilo lilifika Upare mwaka 1903, likafungua shule na zahanati. Kungoja kurudi kwa Kristo kumo ndani ya jina lake hadi leo, ila kupanga tarehe limekukataa. Watu wanaotarajia mwisho wa dunia wakati wowote wamejenga hospitali zinazohitaji miongo kadhaa kuendeshwa. Huko ndiko kungoja kwa Kikristo kulivyo.

Paulo aliliona tatizo hili mapema. Wathesalonike walipoacha kazi, aliwaandikia agizo la kumnyima chakula asiyetaka kufanya kazi, agizo ambalo Watanzania wa zama za Ujamaa walilisikia mno majukwaani. Kama Bwana anakuja, shamba lilimwe.

Masasi inaonyesha kazi hiyo ilivyoonekana kwa miguu ya watu. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliondoka Zanzibar pamoja na kundi la waliokombolewa ili kuwarudisha upande wa kwao, kuelekea Ziwa Nyasa. Waliishia Masasi, wakajenga kijiji na kanisa. Miaka sita baadaye, Septemba 1882, kijiji kilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni, kikachomwa, na baadhi ya watu waliokwisha kukombolewa mara moja wakatekwa tena. Kazi ilianzishwa upya. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na akahudumu katika nchi hiyohiyo ya kusini.

Wamisheni hawakuwa malaika. Huko Freretown, makazi ya waliokombolewa yaliyoanzishwa Mombasa mwaka 1875, viboko vya msimamizi dhidi ya wakazi vilizua malalamiko hadi London. Mtu anaweza kuhubiri ukombozi asubuhi na kuuvunja mchana. Jambo hilo nalo ni sehemu ya kungoja, na kanisa linalojua kwamba kazi haijakamilika lina sababu ya kujikagua lenyewe kwanza.

Mfano wa karibu zaidi unahusu madeni. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi iliagiza kwamba kila mwaka wa 50 mashamba yarudi kwa wenyewe na watumwa waende huru, na wasomaji wengi huuona mwaka huo ndani ya maneno aliyoyasoma Yesu kule Nazareti. Miaka ya 1990 makanisa na mashirika mengi yaliungana katika kampeni ya Jubilei 2000 kudai nchi maskini zifutiwe madeni. Mei 1998 makumi ya maelfu ya watu walishikana mikono kuuzunguka mkutano wa mataifa tajiri mjini Birmingham. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kimataifa wa kuzipunguzia madeni nchi maskini. Katika kipindi hichohicho ada ya shule za msingi ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, madarasa yakafurika watoto. Sababu za mabadiliko hayo zilikuwa nyingi, na waliofanikisha si Wakristo peke yao. Lakini waliosoma Walawi kwa makini walichangia, na mtoto wa Kiislamu wa Lindi alinufaika sawasawa na wa Kikristo wa Karagwe, kama yule mjane wa Sarepta.

Serikali zinaweza kusajili makanisa na kuyakagua. Baada ya Shakahola, Kenya iliunda jopokazi kulishughulikia suala hilo. Sheria itawazuia baadhi ya matapeli. Haitamfundisha muumini kutofautisha ahadi na biashara. Hiyo ni kazi ya maaskofu, wachungaji, makatekista na walimu wa shule ya Jumapili, na inaweza kuanza Majilio haya bila bajeti yoyote. Injili ya Luka ina sura 24. Jumuiya ndogondogo zikisoma sura moja kila jioni kuanzia Desemba 1, zitaimaliza mkesha wa Krismasi, kuanzia kwa Zakaria na Elisabeti waliozeeka wakingoja, kupitia Nazareti na gereza la Yohana, hadi barabara ya Emau ambako wanafunzi wawili wanalalamika kwamba walitumaini Yesu ndiye angewakomboa Israeli. Isomwe yote, bila kuruka. Kisha kiongozi wa jumuiya aruhusu maswali, pamoja na lile la Yohana, wala asimwone anayeuliza kuwa hana imani.